Nabii Mzee wa Betheli

Somo: 1 Wafalme 13:1–32

Mtu wa Mungu aliyetoka Yuda hakuwa mwoga. Alifika Betheli, akaitabiria hukumu madhabahu ya mfalme Yeroboamu, mfalme mwenyewe akiwa amesimama pale. Mfalme akanyoosha mkono kuamuru akamatwe, na mkono ukakauka papo hapo. Alipoombewa akapona, mfalme akageuka mpole: karibu nyumbani, ule, nikupe na zawadi. Mtu wa Mungu akakataa. Bwana alikuwa amemkataza kula wala kunywa mahali pale, na hata kurudi kwa njia aliyoijia.

Vitisho vilimshindwa, mali ikamshindwa. Aliyemwangusha ni mzee mmoja aliyemfuata kwa punda akamkuta ameketi chini ya mwaloni. Mzee alijitambulisha kuwa nabii mwenzake, akadai malaika amemtuma amrudishe akale. Maandiko hayafichi: alimdanganya. Mtu wa Mungu akarudi, akala, akanywa, na njiani simba akamuua.

Uongo ule haukutaja Baali hata kidogo. Ulitaja jina la Bwana, tena kinywani mwa mtu mwenye mvi, na nani kati yetu amelelewa kumbishia mzee? Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ileile mtu huyu alikuwa amemwombea mfalme na Mungu akajibu. Kwa nini sasa hakuomba? Neno alilolipokea mwenyewe aliliacha, akafuata neno la kusimuliwa. Mzee alimlilia baadaye kama ndugu yake, akamzika katika kaburi lake mwenyewe. Naamini machozi yale yalikuwa ya kweli, lakini marehemu hakurudi.

Uongo wa namna hiyo umeua hata siku zetu. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ya watoto. Watu walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Wako wanaowaita wajinga; mimi nakataa. Walikuwa na kiu ya Mungu, na wakaambiwa na mtu waliyemwamini kwamba Mungu amesema.

Paulo aliwaonya Wagalatia kwamba hata malaika kutoka mbinguni akileta injili tofauti, asikubaliwe. Naye mwenyewe alipohubiri Beroya, wasikilizaji walichunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawasifu kwa hilo. Kama mtume alipimwa, mchungaji wako ni nani asipimwe? Makanisa yanayomwita mwulizaji mwasi yanamwandalia simba mawindo.

Basi, ndugu yangu, ukiambiwa kwamba Bwana amesema uuze shamba, umwache mwenzi wako, utupe dawa za hospitali au umnyime mtoto chakula, usiondoke hapo kabla ya kuuliza imeandikwa wapi. Fungua Biblia yako, usome sura nzima, uombe mwenyewe, kisha umshirikishe Mkristo mwingine aliyekomaa. Mtumishi wa kweli hatakukasirikia kwa kuuliza. Akikasirika, ondoka, na uwachukue watoto wako.