Ua la Asubuhi Moja

Katika mimea itambaayo ambayo Muumba ameipandisha juu ya uso wa nchi, sijui mwingine unaonishangaza kama vanila. Umeenea katika vibanja vya Kagera, umejiviringisha kwenye miti midogo ya mbono chini ya kivuli cha migomba, na mtu anaweza kuupita kila siku asijue kwamba amepita karibu na jamaa ya okidi, maua ambayo kwingineko hutunzwa katika nyumba za vioo. Rando lake ni nene na la kijani, majani yake mazito yamejaa maji. Kwenye kila kifundo hutokeza mzizi mdogo unaoshika gome la mti wala haumnyonyi mwenyeji wake. Mti huo ni wa kuegemea tu. Chakula chake vanila hukitafuta chini, katika nyasi na majani yanayooza, mahali ambapo kuvu wasioonekana kwa macho hushirikiana na mizizi yake kuvuta rutuba.

Lakini tazama ua. Ni la rangi ya manjano iliyofifia yenye ukijani, si la kujionyesha. Hufunguka alfajiri, na kufikia alasiri limeanza kunyauka. Kwa kawaida kishada hufungua ua moja kwa siku, na ua hilo halina siku ya pili. Ndani yake sehemu ya kiume na ya kike zimekaa jirani kabisa, ila kati yake pana utando mwembamba uliozitenga zisigusane. Huko kwao, Mexico na Amerika ya Kati, husemwa kwamba wapo nyuki wa misituni wanaoiweza kazi hiyo. Nyuki wetu, pamoja na bidii yao yote msimu wa kahawa inapochanua, hawaiwezi. Kwa hiyo mkulima wa Karagwe au Kyerwa hutoka mapema na kijiti cha ukubwa wa njiti ya kiberiti, hulichana ua taratibu, huuinua ule utando, kisha kwa kidole gumba hubonyeza chavua ishuke inapostahili. Ni kazi ya sekunde chache. Ua lililopokea hubaki limeng'ang'ania tunda lake changa. Lisilopokea huanguka kesho yake.

Aliyetufundisha kidole hicho alikuwa mtoto. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion ambacho wakati huo kilikuwa na mashamba ya watumwa, kijana mtumwa wa miaka 12 jina lake Edmond alimwonyesha bwana wake matunda mawili kwenye rando lililokuwa limekaa miaka mingi bila kuzaa. Mabingwa wa mimea wa Ulaya walikuwa wamehangaika na ua hilo kwa muda mrefu, na njia walizobuni hazikumfaa mkulima. Yeye alilitazama kwa makini, akatumia kijiti na kidole gumba. Njia yake ndiyo ile ile inayotumika leo Madagaska, Uganda na Kagera. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, ilhali kisiwa kizima kilikuwa kimetajirika kwa ujuzi wake. Naamini kila anayeinama asubuhi mbele ya ua la vanila anapaswa kulijua jina hilo. Mungu aliuficha ufunguo wa mmea huu mahali ambapo wenye kiburi hawakutazama.

Kwa nini vanila ikubali vibanja vyetu? Wakubwa wetu hawakuijua, lakini waliitengenezea makao. Kibanja cha Mnyambo, kama cha Mhaya, ni bustani ya ghorofa: migomba juu, mibuni chini yake, maharage na magimbi karibu na ardhi, na juu ya udongo nyasi zilizokatwa na kutandazwa. Majivu, maganda ya ndizi na samadi hurudi pale pale vilipotoka. Udongo wa Karagwe, wenye asili ya volkano, una tindikali na huishikilia fosforasi mizizi isiipate, hivyo usiporudishiwa kitu huchoka. Miaka ya 2010, shirika la MAVUNO la Karagwe na watafiti kutoka Berlin walijaribu mboji iliyochanganywa na makaa yaliyosagwa na kinyesi kilichotibiwa kwa joto. Tindikali ilipungua na mahindi yakastawi. Nikisoma habari hizo naona sayansi ikithibitisha desturi ya kurudishia ardhi chake. Rando la vanila, lenye mizizi isiyozama chini, huishi katika tabaka hilo hilo lililorudishwa. Ondoa matandazo na kivuli, nalo litanyong'onyea.

Si kila kona inalifaa, lakini. Karagwe ina vilima vinavyozidi mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vanila ni mmea wa joto; anayeipanda huchagua sehemu iliyokingwa na upepo na baridi. Rando likiachwa lipande litakavyo hukwea hadi juu ya mti lisichanue, kwa hiyo hupindwa na kushushwa, na kiangazi kifupi hulikumbusha kuchanua. Mkoa wenye misimu miwili ya mvua una viangazi viwili pia, nalo hilo ni fadhila.

Vanila haipandwi kwa mbegu. Mbegu zake, vile vidoa vyeusi vidogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula. Hukatwa kipande cha rando, kikapandwa. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vya vanila ya Réunion na visiwa jirani waligundua kwamba karibu yote ni mmea mmoja uliogawanywa tena na tena kwa karibu karne mbili.

Tunda hukaa kwenye rando miezi minane au tisa, na likichumwa bichi halina harufu yoyote. Ndiyo maana huniuma kusikia limevunwa changa kwa kuogopa wezi. Likikomaa hutumbukizwa kwa dakika tatu hivi katika maji yenye nyuzi 65, hufunikwa kwa blanketi litoe jasho, huanikwa juani kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kisha huhifadhiwa kwa miezi. Hapo vimeng'enya vilivyomo ndani huifungua harufu iliyokuwa imefungwa pamoja na sukari. Kilo tano au sita za vanila mbichi hubaki kilo moja.

Nyingi huuzwa mbichi na kusafirishwa mbali, na zipo nyumba zenye marando hamsini ambamo watoto hawajawahi kuionja. Ningependa kila mwenye vanila abakize maganda machache, ayakaushe mwenyewe, apasue moja na kulichemsha pamoja na maziwa ya chai. Baadaye alisafishe, alikaushe tena na kulifukia katika kopo la sukari, kwa maana ganda moja hutoa harufu zaidi ya mara moja.