Nani Alipie Cheti cha Mwalimu?

Mnamo mwaka 2017 kituo cha Kenani, wilayani Nchelenge, kilipokea wakimbizi wa Kongo. Tumfikirie mwalimu aliyevuka mpaka pamoja nao. Sheria ya Zambia ya 2013 yamtaka kila mwalimu ajiandikishe kwa Baraza la Ualimu, na kwa ada. Tena vyeti vyake vya Kifaransa havina budi kufasiriwa. Husemwa kwamba cheti humlinda mtoto. Naam, ni kweli. Lakini ikiwa mtoto ni wa jamii nzima, mbona mzigo aubebe mwalimu peke yake? Ada hupima mfuko, haipimi elimu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, wataja pamoja kutambua vyeti vya kigeni na kusamehe ada. Basi mwalimu na apimwe kwa ujuzi wake. Gharama na ichukuliwe na wanaofaidika.