Hongera ya Mwanzo na Hongera ya Mwisho

Wako watu wawili wapewao hongera kwa mambo yasiyofanana. Wa kwanza ni mkimbiaji aliyeuvuka mstari wa mwisho; wa pili ni bwana arusi aliyekwisha kutia sahihi na kuketi kando ya mkewe. Wa kwanza amemaliza. Wa pili ameanza. Wa kwanza ana ushahidi wa tendo lake katika miguu iliyochoka na katika saa iliyompima. Wa pili hana ushahidi ila neno lake. Hata hivyo, aliyemaliza hupewa nishani na chupa ya maji, akaenda zake kulala. Aliyeanza hupigiwa ngoma hadi usiku wa manane, akachinjiwa mbuzi, akaimbiwa na kutunzwa. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: je, ni haki kumpongeza mtu kwa kazi asiyoifanya bado? Na kama ni haki, hongera ya namna hiyo humwajibisha nini yule aitoaye?

Swali hili si la mchezo. Sehemu kubwa ya nguvu, mali na wakati wa watu wetu hutumika arusini. Kamati huundwa miezi kadha kabla ya siku yenyewe, vikao hukaliwa kila juma, ahadi za michango huandikwa daftarini, na asiye na kitu hukopa ili asidhaniwe kuwa mchoyo. Ikiwa yote haya hutolewa kwa ajili ya ahadi tu, basi ama sisi ni watu wapumbavu, ama ahadi ina thamani ambayo hatujaieleza vema.

Tuanze na lugha, maana lugha ni ghala ya fikira za wengi waliotutangulia. Kiswahili kina maneno mawili ya kumwendea mwenzio katika hali yake: pole na hongera. Pole hupewa mwenye taabu: mgonjwa, mfiwa, msafiri, hata mtu aliyekutwa akilima shamba lake. Asemaye pole hakiri kosa, kwa kuwa si yeye aliyemtia mwenzake taabuni. Aonyesha tu kwamba taabu ile imeonekana. Hongera hupewa mwenye heri: aliyefaulu mtihani, kijana aliyetoka jandoni, mtu aliyehamia nyumba aliyoijenga. Lakini pako mahali ambapo maneno haya hukutana katika kinywa kimoja. Mama aliyejifungua huambiwa pole na hongera kwa pumzi ileile. Wenye lugha waliona kwamba ziko heri zisizoweza kutengwa na uchungu wake, na ya kuwa kumpongeza mwenye heri ya namna hiyo bila kumpa pole ni kuitazama nusu tu ya habari yake.

Mkimbiaji wa mbio ndefu ni wa jamii hiyo. Nilipokuwa na umri wa miaka 43 nilikimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza maishani, mjini Moshi, katika mbio za Kilimanjaro zilizoanzishwa mwaka 2003 na ambazo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Marathoni nzima ni kilomita 42 na mita 195, urefu uliotumika katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 na kuthibitishwa mwaka 1921. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Asikiaye neno nusu hudhani kwamba jambo limefanywa jepesi. Miguu haijui hesabu hiyo. Moshi uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, majira yenyewe ni ya joto, na njia hupanda kuelekea Mweka kabla ya kushuka. Kwa mtu ambaye safari yake ya kila siku ni kati ya maktaba na ubao wa darasa, hiyo si nusu ya kitu.

Katika mbio hizo nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mbio hazikimbiwi siku ya mbio. Zimekwisha kukimbiwa katika alfajiri nyingi zilizotangulia, ambazo hapana mtu aliyezitazama wala kuzipigia makofi. Siku ya mbio ni siku ya kuonyesha daftari lililokwisha kuandikwa. La pili ni kwamba hapana akimbiaye peke yake, hata akiwa mbele ya wote au nyuma ya wote. Kando ya barabara walisimama watu tusiowajua, watoto na akina mama waliotoka migombani mwao, wakituita na kutucheka kwa wema. Vijana walinyosha mikono yenye maji. Nilipokwisha pita kilomita ya 16, mguu ukiwa mzito kama gogo, bibi mmoja mzee aliniambia kwa sauti kubwa, “Pole, mwanangu, umefika!”

Sikuwa nimefika. Zilikuwa zimesalia kilomita tano. Kama neno la bibi yule lingekuwa habari, lingekuwa habari ya uwongo. Lakini sidhani kwamba alitaka kunipa habari, wala mimi sikulipokea hivyo. Alinikopesha kufika kwangu kabla sijafika, nami nikaenda nikiulipa mkopo huo hatua kwa hatua mpaka uwanjani.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa kitabu mwaka 1962, alieleza kwamba yako maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Mtu asemaye “naahidi” haelezi ahadi iliyo mahali pengine, anaifanya hapohapo. Miongoni mwa mifano yake ilikuwamo kauli ya kukubali ndoa. Maneno ya namna hii hayapimwi kwa ukweli na uwongo tu, bali kwa kutimia au kutotimia, na kwa unyofu wa ayasemaye. Nadhani “umefika” ya bibi yule ni ndugu ya maneno hayo, na hongera ya arusini ni ndugu yake mwingine.

Juma moja baada ya mbio zile, rafiki yangu tuliyesoma naye tangu utotoni alioa, katika miteremko ya mlima uleule. Nilikwenda nikichechemea. Ndafu aliletwa mzima na majani mdomoni, mbege ikazunguka, na magoti yangu, ambayo yalikuwa yameapa kupumzika, yakalazimika kucheza. Watu walionijua waliniuliza habari za mbio kwa muda wa dakika moja, wakanipa hongera, wakageuka upande wa ngoma. Sikuona kwamba nimepunjwa. Niliona kwamba hongera yangu ilikuwa malipo, na deni likilipwa halihitaji maneno mengi. Hongera ya rafiki yangu ilikuwa kitu kingine, ndiyo maana ilihitaji usiku mzima.

Ilikuwa kitu gani? Shangazi ya bibi arusi, aliposimama kutoa nasaha, hakusema maneno mengi. Alisema, “Leo mmetuita kula. Siku mtakayokosa, mtuite vilevile.” Kisha akaketi. Katika maneno hayo naliona jibu la swali letu. Hongera ya mwisho ni malipo. Hongera ya mwanzo ni ahadi. Wale wanaocheza arusini hawawalipi maarusi kwa jambo walilolifanya. Wanajifunga wao wenyewe kwa jambo litakalofuata. Maarusi wameahidiana, nasi kwa kuwashangilia tumewaahidi. Kwa hiyo arusi ina ahadi mbili: moja husemwa na watu wawili kwa sauti, na ya pili husemwa na watu wote kwa miguu na mikono yao.

Sheria yenyewe yaelekea kulijua jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao ya pamoja. Yataka nia itangazwe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa kufungwa, na yataka mashahidi wasiopungua wawili. Tena, ugomvi ukizuka, kwa kawaida sheria haikubali talaka idaiwe mahakamani kabla shauri halijapelekwa mbele ya baraza la usuluhishi. Maana ya mpango huu ni kwamba watu wawili hawaachwi peke yao: mwanzoni wako mashahidi, na njiani wako wasuluhishi. Waalikwa mia tatu ni mashahidi wawili wale waliozidishwa. Na kazi ya shahidi haiishi kwa kuona. Shahidi ni mtu anayeweza kuitwa tena.

Hapa mwenye kupinga atasema: ndoa nyingi huvunjika, na furaha iliyokopeshwa hupotea kama fedha iliyokopeshwa kwa mtu asiyelipa, afadhali tuwape watu hongera baada ya miaka kumi, wakati mambo yamekwisha kuonekana. Hoja hii ina sura ya busara, lakini haijui kazi ya mkopo. Mkulima hakopeshwi mbegu baada ya mavuno. Bibi wa njiani angaliningoja uwanjani ndipo aniambie kwamba nimefika, neno lake lingalikuwa la kweli kabisa, lakini lisingalinisaidia kitu. Ziko heri ambazo hazipatikani ila kwa kuaminiwa kabla ya kuthibitika, na ndoa ni mojawapo.

Tena hongera ya mwanzo humfunga hata anayeipokea. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico City ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limekwisha kuingia na watu wengi wamekwisha kuondoka, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Alipoulizwa sababu ya kutoacha, jibu lake lilikuwa na maana ya kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Jibu hilo ni la mtu aliyeagwa kwa heshima, akaiona heshima ile kuwa ni amana mkononi mwake.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu, maana mfano mzuri ukitumiwa vibaya hudhuru kuliko mfano mbaya. Wale 18 walioacha njiani hatuna haki ya kuwaita waoga. Mwili wa mtu una hoja zake, na aliye ndani yake ndiye azisikiaye. Akhwari alijichagulia maumivu yake mwenyewe. Hapana aliyemshika mkono na kumlazimisha. Katika ndoa mambo huwa mengine mara nyingi. Mwanamke apigwaye huambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na wanaomwambia hivyo ni walewale waliocheza arusini mwake. Sheria ileile ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba hapana mume wala mke aliye na haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Basi asemaye “vumilia” kwa mtu anayeumizwa haitimizi ahadi aliyoitoa kwa ngoma, anaivunja. Alijifunga kuwa upande wa watu wawili, si upande wa jina la ndoa. Uvumilivu ni sifa njema pale ambapo njia yaelekea kwenye heri. Pale ambapo njia yaelekea shimoni, sifa njema ni kusimama, na wajibu wa jirani ni kumfungulia mlango aliyesimama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ni haki kuwapongeza wanaoanza, mradi tujue kwamba tunatia sahihi. Pilau na ndafu si bei ya kuhudhuria kwetu, wala mchango ulioandikwa daftarini si mwisho wa deni letu. Kipimo cha mwalikwa hakipatikani usiku wa arusi, wakati taa zinawaka na kila uso una tabasamu. Hupatikana mwaka wa tatu, mtoto akiwa hospitali na mshahara umechelewa. Hupatikana mwaka wa tisa, wawili wale wanapokuwa hawasemezani, na mmoja wao anatafuta mtu wa kumweleza bila kuchekwa. Hiyo ndiyo kilomita ya 16. Hapo ndipo wengi wetu tumekwisha kurudi nyumbani, tukadhani kwamba shughuli ilikwisha siku ile jukwaa lilipovunjwa.

Na katika kilomita hiyo tusisahau kwamba lugha yetu ina maneno mawili. Wenye ndoa changa hupewa hongera tupu, kama kwamba hawataona taabu. Wenye ndoa ya miaka mingi hawapewi neno lolote, kama kwamba hawakufanya kazi. Wote wawili wastahili yote mawili. Wako mume na mke katika mtaa wako waliokaa pamoja miaka thelathini, wakazika, wakauguzana, wakasameheana mambo usiyoyajua, na hapana aliyewapigia hodi kwa ajili hiyo. Wapigie hodi. Waambie pole, kisha waambie hongera.