Samaki Nao Wana Jumamosi Yao

Ndugu zangu wa Mafia, wa Kilindoni na Utende, wa Chole, Juani na Jibondo! Kisa cha mji ule wa pwani katika Sura ya Al-A'raf mnakijua. Watu wake walikatazwa kuvua Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku samaki walipokuja tele, juu ya maji, mbele ya macho yao. Wafasiri wanatusimulia hila yao: walitega Ijumaa, wakaopoa Jumapili, wakajiambia kwamba hawakuvua siku iliyokatazwa. Yaliyowapata mmeyasikia tangu chuoni.

Kisa hiki kinaninyima usingizi, kwa sababu bahari yetu nayo ina Jumamosi yake. Tangu mwaka 1995 tunayo Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania: kilomita za mraba 822 za matumbawe, mikoko na majani ya bahari, kusini na mashariki ya kisiwa. Humo mwenyeji bado anavua kwa mshipi na dema kama babu yake. Zipo sehemu chache tu tulizoambiwa: hapa usiguse. Hapo ndipo samaki walipojaa, na hapo ndipo mwenye tamaa anapopenya usiku. Hila ni ileile!

Mtazameni chewa. Humchukua miaka kabla ya kutaga. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua sana. Ukiwamaliza wakubwa mwambani, umewaacha majike bila waume. Mwacheni azeeke. Jike kubwa hutaga mayai mara nyingi zaidi ya jike dogo, na mkondo wa maji haujui mpaka: unayabeba mpaka kwenye mwamba ulikotega dema lako wewe. Pale pasipovuliwa ndipo panapokulisha.

Na juya je? Likikokotwa, linang'oa majani ambamo changu na tasi wachanga hujificha, na ambayo nguva hula. Nguva! Hubeba mimba zaidi ya mwaka, akazaa mtoto mmoja, kisha ikapita miaka kadhaa kabla hajazaa tena. Ananyonyesha. Anavuta pumzi kama sisi, na akinaswa na jarife anakufa kwa kukosa pumzi, mtoto akizunguka pembeni. Nani atasimama mbele ya Muumba wake aseme hakujua?

Nanyi mliokabidhiwa mamlaka, nasema nanyi kwa heshima na kwa uchungu. Kila mwaka, kuanzia kama Oktoba, papa potwe huja mbele ya Kilindoni kula uduvi. Kilindoni iko nje ya mpaka wa hifadhi. Nyavu za dagaa zinazungushwa usiku, na potwe anajikuta ndani yake. Mnyama aliye fahari ya kisiwa chetu hana ulinzi wa hifadhi pale anapokuja kula! Sogezeni ulinzi mpaka alipo. Boti za doria zipewe mafuta. Na mvuvi anayenyang'anywa juya asaidiwe kupata nyavu halali, maana watoto wake nao wanakula.

Lakini rudini kwenye ile Sura, kwa sababu mji ule ulikuwa na makundi matatu. Wako waliovunja amri. Wako waliowakataza, nao wakaokolewa. Na wako waliowauliza wakatazaji: mnajichosha kwa nini? Hilo kundi la tatu ndilo ninaloliogopa, kwa kuwa ndilo kubwa kati yetu.

Mama unayenunua samaki alfajiri, mpapase kabla hujalipa. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika na damu imevilia ndani, huyo ameuawa kwa baruti: mrudishie muuzaji, tena kwa sauti, wenzako wasikie. Na wewe mzee wa kamati ya kijiji, juya lile unajua limefichwa nyumba gani. Usingojee boti ya doria. Jina la mwenye nalo unalo mdomoni, litaje.