Mawe ya Rhynie na Maji ya Bumbire

Somo: Yoshua 4:1-7





Kila tarehe 8 Februari tunamtaja katika sala zetu Alexander Mackay, yule fundi Mskoti wa CMS aliyefariki kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka huu, baada ya ibada, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza mlangoni: huyo Mackay kwao ni kijiji gani, na kanisa la kijijini kwao likoje? Tulimjibu kwamba kwao ni Uskoti, kisha tukanyamaza, maana hatukuwa na neno zaidi. Tuliona haya. Ndipo tukaanza kutafuta vitabuni. Na katika kutafuta habari za kijiji cha mbali tukakutana na habari nyingine ambayo hatukuitafuta, nayo i karibu nasi mno, kwa kuwa kisiwa chake twakiona kutoka hapa kilimani kila asubuhi isiyo na ukungu. Kisiwa hicho ni Bumbire.

Lakini kwanza tumjibu kijana. Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Aberdeenshire, kaskazini-mashariki ya Uskoti. Ni kijiji kidogo cha wakulima na wafugaji. Nchi yake ni ya vilima na mabonde yenye majani mengi, na mto mwembamba uitwao Bogie wapita kando yake. Juu yake umesimama mlima Tap o' Noth, mita 563 juu ya usawa wa bahari, na kileleni pana boma la kale ambalo kuta zake ziliunguzwa kwa moto mkali hata mawe yakayeyuka na kushikamana. Mtu wa kwetu akitazama picha za mahali hapo atasema panafanana kidogo na nyasi za Muleba, ila huko migomba hakuna, na wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu.

Kanisa la zamani la parishi lilikuwa nje ya kijiji, upande wa kusini. Jengo lenyewe halipo tena. Umebaki uwanja wa makaburi, na karibu na lango lake yamehifadhiwa mawe ya kale yenye michoro. Juu kidogo, shambani, limesimama jiwe moja ambalo wenyeji huliita Craw Stane. Juu yake amechorwa samaki, na chini ya samaki yupo mnyama wa ajabu ambaye hakuna mtu leo awezaye kusema ni mnyama gani. Mwaka 1978 mkulima mmoja alikuwa akilima kwa plau karibu na hapo, akafukua jiwe lingine lenye sura ya mtu mwenye ndevu aliyechukua shoka begani. Walioichora michoro hiyo waliitwa Wapikti, watu waliokaa nchi ile zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Basi tulipoiona picha ya samaki yule tulifurahi, maana sisi tu watu wa samaki. Lakini furaha yetu ilipungua tuliposoma kwamba wataalamu wanabishana mpaka leo juu ya maana yake. Jiwe lipo, samaki yupo, na aliyelichora alijua vema alichotaka kusema. Walakini ulipita wakati fulani ambapo watoto hawakuuliza, au waliuliza na wazee hawakujibu, na maana ikapotea. Katika somo letu, Yoshua aliwaamuru Waisraeli watwae mawe 12 kutoka katikati ya mto Yordani na kuyasimamisha kambini, na sababu yake ilikuwa watoto. Ilipaswa siku moja watoto waulize mawe hayo yana habari gani, na baba zao wawe na jibu. Jiwe lisilo na mtu wa kulieleza haliwezi kumfundisha mtoto jambo lo lote.

Turudi kwa Mackay. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru, lile lililojitenga na Kanisa la Uskoti mwaka 1843, kwa hiyo, tuseme kweli, kanisa la parishi halikuwa lake. Na mwanawe alikuja kutumika chini ya chama cha Kianglikana bila kuona shida. Jambo la kufikiriwa na sisi tunaogombania kiwanja na majirani zetu wa dhehebu lingine. Mzee huyo alipenda jiografia hata akatunga vitabu vyake, naye alimfundisha mwanawe nyumbani mpaka alipokuwa na miaka 14. Husimuliwa kwamba walipotembea pamoja baba aliweza kusimama ghafula njiani na kuchora mavumbini, kwa fimbo yake, mkondo wa mto Zambezi. Hivyo Afrika ilichorwa katika udongo wa Rhynie, mbele ya mtoto, miaka mingi kabla mtoto huyo hajaiona.

Na sasa tunaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo habari hizi mbili zinapokutana.

Tarehe 14 Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley, akiwa kwa Kabaka Mutesa, aliandika barua ya kuwaomba Wakristo wa Uingereza walete walimu wa Injili katika nchi za ziwa hili. Barua hiyo ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph tarehe 15 Novemba mwaka huo huo. CMS wakaitika. Mackay, ambaye wakati huo alifanya kazi ya uhandisi Ujerumani, alijitoa, na Aprili 1876 alipanda meli kuja Afrika. Hakurudi kwao tena kamwe. Habari hii tumeihubiri mara nyingi, nayo ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini baada ya kuiandika barua ile Stanley alishuka na mashua yake kando ya magharibi ya ziwa, na siku 14 baadaye, tarehe 28 Aprili, alifika Bumbire, yeye na watu wake wachache, wakiwa na njaa na wakitafuta chakula. Wenyeji wakaivuta mashua mpaka nchi kavu, wakawazunguka kwa silaha, wakachukua makasia. Stanley anasema walitaka kuwaua. Yeye na watu wake waliisukuma mashua majini, akapiga bunduki, watu wakafa ufukoni, na mabaharia wakang'oa mbao za mashua kuwa kafi. Twasoma maneno ya upande mmoja tu. Watu wa Bumbire waliona nini siku ile? Yaelekea waliona wageni wenye silaha wakitoka upande wa Buganda, na watu wa visiwa walikuwa na sababu ya kuogopa mitumbwi ya vita kutoka huko.

Kama mambo yangaliishia hapo, tungaliweza kusema ni hofu iliyokutana na hofu. Lakini Stanley alirudi. Kwanza mkuu wa Bumbire, ambaye yeye anamwita Shekka, alikamatwa kwa msaada wa watu wa kisiwa jirani cha Iroba, akatiwa minyororo. Kisha tarehe 4 Agosti 1875, Stanley akiwa na bunduki nyingi na mitumbwi ya Waganda, alijipanga karibu na ufuko akawapiga risasi watu waliosimama mtelemkoni na mikuki yao. Kwa hesabu yake mwenyewe walikufa 42, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1876, hata huko Uingereza watu walimlaumu kwa ukali.

Wapendwa, safari ile ile iliyotuletea mwito wa Injili iliacha maiti Bumbire. Kalamu ile ile iliandika mambo yote mawili. Na sisi tumelihifadhi moja, la pili tumeliacha.

Tulipolileta jambo hili katika halmashauri ya parishi, maneno hayakuwa mapesi. Mzee mmoja wa kanisa tunayemheshimu sana alisema tusifukue makaburi; Waebrania 12 inatuambia kwamba damu ya Yesu yanena mema kuliko ile ya Habili, na hiyo yatosha. Wengine waliogopa kwamba vijana wataichukia Injili wakisikia imekuja kwa njia kama hiyo. Mama mmoja ambaye kwao ni kisiwani alikaa kimya mpaka mwisho, ndipo akasema kwamba yeye hakusikia habari ya Stanley kanisani hata siku moja, bali aliisikia jikoni kwa bibi yake.

Sisi twasema hivi. Ni kweli kabisa kwamba damu ya Yesu yanena mema zaidi. Lakini waraka ule ule, katika sura ya 11, wasema kwamba Habili, ijapokuwa amekufa, angali akinena. Mungu hakumnyamazisha Habili ili Mwanawe asikiwe. Katika Mwanzo 4 ni Mungu mwenyewe aliyemwuliza Kaini habari za ndugu yake, naye alikwisha kuisikia sauti ya damu kutoka katika ardhi. Kanisa linaloogopa swali hilo litawezaje kumwambia mvuvi aungame dhambi zake? Kama vijana watajikwaa, heri wajikwae juu ya kweli tuliyowaambia sisi, kuliko waikute baadaye kwa watu wengine na kutuona kuwa waongo.

Na liko jambo moja linalotuuma kuliko yote. Mackay tunalo jina lake, siku yake ya kuzaliwa, hata fimbo ya baba yake. Mifupa yake ilichukuliwa kutoka Usambiro ikazikwa tena Namirembe mwaka 1927 kwa heshima, na ilistahili. Lakini wale 42 wa Bumbire ni hesabu tu, tena iliyofanywa na aliyewapiga. Hatuna jina lao hata moja. Walikuwa wana wa mtu, na waume wa mtu. Mungu anawajua, amina. Lakini Mungu aliyajua pia mawe ya Yordani, na bado akaagiza yasimamishwe.

Wakati nao unapita. Ye yote aliyefika Bumbire siku hizi ameona jinsi ufuko ulivyojaa makambi ya wavuvi kutoka pande zote, wanaofuata dagaa na sangara, wakikaa kitambo na kuhama. Hao hawana kosa. Lakini mtoto wao akiuliza habari ya mtelemko ule, nani atamjibu? Wazee waliosikia kwa babu zao wamebaki wachache, na tusipoangalia kisiwa kile kitakuwa kama Craw Stane: samaki tunamwona, maana hatunayo.

Kwa hiyo halmashauri, baada ya vikao viwili, imekubali, ingawa si kwa sauti moja, kwamba Jumapili iliyo karibu na tarehe 4 Agosti waliokufa Bumbire watatajwa katika maombezi, pamoja na waliowaua. Mwalimu wetu mstaafu amejitolea kuandika yale ambayo wazee wanayakumbuka, kwa Kihaya kama wanavyoyasema, bila kuyanyosha. Daftari liko kwa katekista. Wenye habari, akina Ta na akina Ma, hata kama ni jina moja tu au wimbo wa nusu, wamwone baada ya ibada, au watume neno kwa mtumbwi wa Jumamosi, naye atawafuata.