Uhuru wa Wapigaji Wasiojuana

Je, watu wasiojuana waweza kupiga muziki mmoja pasipo wimbo uliopangwa, wala kiongozi, wala zoezi lililotangulia? Swali hili huonekana kuwa la wapigaji peke yao, lakini ndani yake limo swali la maisha: mtu amwamini mgeni kwa dhamana gani?

Tuanze Malampaka, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, penye kituo cha reli iliyotoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Nchi hii ni ya Wasukuma, na wacheza ngoma wao tangu karne ya 19 wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana kwa wakati mmoja, na ushindi hupimwa kwa wingi wa watazamaji waliovutwa upande mmoja. Manju hutunga nyimbo za kumkejeli mpinzani na kumjibu. Lakini mtu hawezi kujibu asichosikia. Hata atakaye kushinda yampasa kwanza kutega sikio.

Manju, hata hivyo, anao watu wake nyuma yake, wajuao kiitikio. Wako wapigaji waliojinyima hata msaada huo. Tarehe 21 Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman na wenzake saba walipiga jazi huru kwa dakika 37 hivi. Lakini walikuwa na vipande vifupi vilivyotayarishwa. Mpiga gitaa Derek Bailey alikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1977 aliandaa mjini London majuma ya muziki wa kubuni papo hapo, akichanganya wapigaji ambao baadhi yao hawakuwahi kupiga pamoja.

Wako wasemao kuwa uhuru wa namna hii ni fujo, kwa sababu hauna sheria. Sheria ipo, ila haikuandikwa. Mwenye tarumbeta akilia mfululizo, mwenye zeze hana pa kuingia. Uhuru wa mmoja umekula uhuru wa mwingine. Anyamazaye kidogo humkopesha mwenzake nafasi, naye hakuchukua rehani. Wala kimya chenyewe si wema siku zote. Angojaye daima wengine waanze huwatwika mzigo wake, kisha hujiita mpole. Basi wajibu ni wawili: kutoa sikio na kutoa sauti.

Hatari ya mkopo huu ni ya kweli. Mgeni aweza kuichukua nafasi asiirudishe, na muziki ukaharibika mbele ya watu. Lakini mtu atakaye ushahidi kabla ya kuamini hatapiga hata sauti moja, maana ushahidi wenyewe huzaliwa katika kupiga. Twazoea kusema kuwa imani ni tunda la kujuana. Hapa imani ndiyo mbegu.

Tena kujuana kwaweza kuziba masikio. Rafiki wa siku nyingi twadhani twajua atakalosema, nasi twaitikia mazoea yetu badala ya neno lake. Mgeni hatuwezi kumkisia. Hatuna budi kumsikiliza. Heshima hiyo tumpayo mgeni kwa lazima, rafiki naye anatudai.