Ondoeni Nembo ya Uongo Kabla ya Krismasi

Ndugu zangu mnaouza mjini Moshi, ninyi wenye maduka karibu na hoteli za wageni, ninyi mnaotandaza bidhaa barazani, na ninyi vijana mnaowafuata watalii kutoka stendi hadi mnara wa saa, Desemba imefika. Wana wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na mbuzi wa sikukuu wameanza kutafutwa. Wageni nao wamejaa mjini, maana ni msimu wa kupanda mlima. Nina neno moja kwenu: acheni kumuuzia mgeni uongo.

Najua mnavyojitetea. Mzungu ana hela, hatapungukiwa. Jaketi ni jaketi, na nembo ya The North Face iliyoshonwa kifuani haijamdhuru mtu. Mwenye nembo ni tajiri wa Marekani, wala Moshi haijui.

Basi twendeni pamoja hadi kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, saa sita ya usiku, watu wanapowasha taa za kichwani waanze kupandisha kuelekea Uhuru, mita 5,895. Huko joto hushuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri, na upepo haukomi. Jaketi la kweli la mlimani limezibwa mishono yake maji yasipenye, na ndani limejazwa kitu kinachotunza joto la mwili. Lile la bandia zipu yake inakwama vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mishono yake inavuja. Sponji yake inalowa jasho, na jasho hilo linageuka baridi kifuani mwa mtu hadi alfajiri. Aliyelivaa ni binti wa watu. Dukani alikuuliza, "Ni orijino?" Akakuuliza tena. Ukamtazama machoni, ukamjibu ndiyo.

Wala si mzungu peke yake. Mgumu wetu, mpagazi anayepandisha mzigo wa kilo 20, naye hununua hapo hapo kwako. Ni kijana wa Kibosho, wa Mweka, wa Marangu, pengine mlibatizwa kanisa moja. Hana bima ya kulipia ndege ya uokoaji kama mgeni wake. Amekusanya bakshishi zake apate jaketi la kumfaa misimu kadhaa, nawe umempa la wiki moja kwa bei ya la miaka mitano. Utamwambiaje Krismasi njema?

Na huyo tajiri wa Marekani unayesema hakuhusu, hebu mgeuze awe wewe. Babu zetu walikiunda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 ili kahawa ya mlima huu iuzwe kwa jina lake na kwa haki yake. Ukisikia leo mtu ng'ambo anajaza kahawa ya kwingine kwenye pakiti na kuandika Kilimanjaro, si utalia kwamba umeibiwa? Jina ni jasho la watu.

Kuna na wale wa mawe. Tanzanaiti haijapatikana popote duniani ila Mererani, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24 kuuzunguka mgodi, jiwe lisitoroshwe. Lakini ukuta wa kumzuia anayemuuzia mgeni kipande cha kioo cha bluu haujajengwa, na hautajengwa, kwa sababu mahali pake ni moyoni. Tanzanaiti ukiigeuza kwenye mwanga, upande mmoja ni bluu, upande mwingine ni zambarau. Kioo kikigeuzwa hubaki na rangi ile ile. Wewe muuzaji unalijua hilo. Mgeni halijui, na ujinga wake ndio umeufanya mtaji.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa siku takatifu ipite, wapate kupunguza vipimo na kuuza makapi ya ngano. Wale angalau walingoja. Sisi tunaifanya sikukuu yenyewe kuwa mtego! Na jirani zetu Waislamu wanasimulia jinsi Mtume Muhammad alivyopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, akamhoji mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Tieni mikono ndani ya majaketi yenu, ndugu zangu. Mmekuta nini?

Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Sikuhubirii hofu ya mkaguzi. Nakuhubiria mgeni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni kwa sababu wenyeji wa mlima huu walikubali kumwongoza na kumbebea, na tangu hapo kila anayekuja anauweka uhai wake mikononi mwetu. Mji wetu unakula kwa uaminifu huo.

Utauliza, nitakula nini? Nenda soko la Memorial ukawatazame akina mama wa mitumba. Wanakunjua jaketi kuukuu lililovaliwa Ulaya, wanasema ni mtumba, wanaonyesha palipochanika, wanataja bei. Watoto wao wanasoma. Nawe uza jaketi la kawaida kwa jina la kawaida, useme linafaa kwa mjini na si kwa kileleni. Kioo kiuze kama ushanga.

Usiku huu funga duka, shika mkasi, uondoe kila nembo ya uongo. Zakayo hakuishia kujuta, alirudisha mara nne. Mgeni uliyemuuzia jana bado yuko mjini, na hoteli yake unaijua. Anapanda kesho asubuhi. Mfuate kabla gari halijaondoka kwenda Machame, umwambie ukweli, umrudishie fedha yake.